Uzi: Kukalia kuti kavu na kutembea juu ya kamba si kitu kimoja. Nasema kama mtu aliyefunga waya miaka minane

Mfungawaya (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Juzi nilipanda daladala kutoka Nzuguni kuja mjini Dodoma. Redio ilikuwa kwenye habari za michezo, mtangazaji akasema kocha mmoja "anatembea juu ya kamba" kwa kuwa timu yake imefungwa mechi nne mfululizo. Hakuna abiria aliyeshtuka, maana msemo huo siku hizi uko kila mahali, magazetini, kwenye hotuba, hata kwenye vikao vya harusi. Mimi ulinichoma. Kocha yule hatembei. Ameketi, anangoja uongozi umpigie simu. Wazee wa pwani walishatupa neno la hali hiyo zamani: amekalia kuti kavu.

Kwa nini linanigusa? Nilikaa miaka minane kwenye kundi la sarakasi. Mchezo huu si mgeni nchini kwetu. Miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, wakarudi wakawa kundi la taifa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981 sarakasi ikawa inafundishwa pale. Sisi tulikuwa kundi dogo la mtaani, watu tisa. Wanne walipinduka na kupandiana mabegani, wawili walipiga ngoma, mmoja alizunguka na kofia kukusanya hela, mmoja alitembea juu ya waya. Wa tisa ni mimi. Mimi nilifunga huo waya.

Kufunga waya ni kazi ya saa tano kwa onyesho la dakika kumi. Kwanza unasoma ardhi. Sehemu nyingi hapa kwetu juu ni kichanga na chini ni kugumu. Ukipiga nondo nusu mita inasimama vizuri, unaridhika, kumbe imeshikwa na mchanga tu. Lazima uipige mpaka nyundo ikurudishie mkono, tena iwe imelala, kichwa kikiitazama nje, si kusimama wima kama kigingi cha mbuzi. Halafu nguzo mbili, waya mkuu wa chuma, na kikazio cha kuuvuta mpaka ukiugonga utoe sauti. Hapo mtu asiyejua anadhani umemaliza. Bado nyaya za pembeni, zile zinazoshuka kushoto na kulia kutoka kwenye waya mkuu hadi chini. Sisi tuliziita mbavu. Bila mbavu waya mkuu unayumba, na kibaya zaidi unajiviringisha chini ya unyayo. Mtazamaji hazioni kabisa. Macho yake yako juu, kwa mtu.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, tulialikwa kwenye sherehe hapa mjini. Waya ulitakiwa uwe mita 6 juu. Nilianza kazi saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana nikawa nimemaliza, na upepo nao ukaanza. Mnaujua upepo wa Dodoma wa kiangazi, vumbi linanyanyuka mpaka jua linabadilika rangi. Mbavu mbili za upande wa mashariki zikaanza kuimba. Nikaenda nikashika nondo moja, ikacheza mkononi. Kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Nikamfuata mtembeaji wetu, ambaye sote tulimwita kaka mkubwa, nikamwambia: "Kaka, leo juu hakuendeki."

Mratibu wa sherehe akaja juu. Watu wameshakaa, wageni wamefika, picha zimebandikwa mji mzima. Kaka mkubwa hakumjibu. Wala hakuutazama waya. Alinitazama mimi, akasema: "Wewe ndiye umefunga. Ukisema hapana, ni hapana."

Tukaushusha hadi mita moja na nusu. Watu walizomea. Alitembea kwenda, akarudi, akaenda tena, na katikati ya safari ya tatu upepo ukampiga ubavuni akaruka chini kwenye mchanga. Akainuka, akajipangusa magoti, akapanda tena. Tulilipwa nusu. Nondo ile jioni niliing'oa kwa mkono mmoja.

Tangu siku ile kila nikisikia "fulani anatembea juu ya kamba" swali langu ni moja: nani kamfungia?

Na si swali la vikundi vya mtaani tu. Karl Wallenda, baba wa ukoo mashuhuri kuliko wote katika mchezo huu, alianguka na kufa tarehe 22 Machi 1978 huko San Juan, Puerto Rico, akivuka kati ya minara miwili ya hoteli, mita 37 hivi juu ya ardhi. Alikuwa na miaka 73. Picha za tukio zinamwonyesha akichuchumaa upepo ukimsukuma, na watu wengi husema upepo ulimuua. Familia yake inasema kuna nyaya za pembeni ambazo hazikuunganishwa sawasawa. Mbavu! Mzee aliyetembea juu tangu ujana wake, ambaye mwaka 1962 kule Detroit alishuhudia piramidi ya watu saba ya familia yake ikiporomoka na kuua wawili, mwisho aliponzwa na kile ambacho mtazamaji hakioni. Mwaka 2011 mjukuu wa binti yake, ndugu yetu Nik, aliurudia mvuko uleule pamoja na mama yake mzazi. Wakafika.

Sasa hoja yangu, halafu niwaachie. Mtu aliyekalia kuti kavu hana ujuzi wowote wa kumwokoa. Kuti likikauka litaachia tu, awe hodari, awe mzembe. Anachoweza ni kushuka. Mtu aliye juu ya kamba yuko hatarini vilevile, lakini hatari yake ina kazi ndani yake: anajirekebisha kila nukta, na chini kuna waliomfungia. Angalieni hata vitenzi vyenyewe. Kuti *hukaliwa*. Kamba *hutembewa*. Tukiyachanganya tunamwambia aliye juu ya kuti "jikaze, utafika", na aliye juu ya kamba tunampigia kelele "shuka!" wakati kitu pekee anachohitaji ni tukashike nondo.

Karibuni.

Ulizatu

Mkuu, maelezo mazuri, ila lugha inakua. Msemo umetoka kwa wazungu, tumeuchukua, unaeleweka. Nikisema mbunge anatembea juu ya kamba kila mtu anajua namaanisha yuko katikati ya pande mbili, hataki kuudhi huku wala kule. Kuna ubaya gani?

Mfungawaya

Ulizatu, ubaya uko hapo hapo kwenye "katikati". Watu wanafikiri mtembea waya ni mtu aliyepata katikati akatulia. Nimemtazama kaka mkubwa kwa karibu miaka minane, sijamwona akitulia hata mara moja. Kifundo cha mguu kinacheza, goti linacheza, mikono inajibu. Akitulia ameanguka. Na hana pande mbili za kuridhisha, maana kushoto kunamuua na kulia kunamuua. Anaitazama ncha ya waya mbele yake, hapo tu, mpaka afike.

Huyo mbunge wako anayekwepa kuudhi watu, mwite kigeugeu au popo, si ndege si mnyama. Kamba mwachie anayekwenda mahali.

Mlimauwele

Mbukwenyi. Mimi niko Bahi, mkulima na mfugaji kidogo. Nimesoma mada mara mbili, nataka kuisogeza shambani.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 tu. Hata hizo hazigawanyiki sawa. Inanyesha wiki mbili, inakata wiki tatu mmea ukiwa umefika gotini. Anayelima mahindi matupu hapa, kwa maneno yako mkuu, amekalia kuti kavu. Awe na jembe zuri, awe na mbolea, hindi likikosa maji siku zile linapotoa mbelewele limekwisha, na hakuna juhudi ya kulirudisha. Anayelima uwele na mtama yuko juu ya kamba. Njaa inaweza kumpata, sikatai, ila mtama hujikunja ukangoja. Mvua ikirudi unaendelea. Hapo kazi yako ina maana: kupanda mapema, kupalilia, kupunguzia miche, kuwinga kwelea kwelea.

Kuhusu mbavu ndiyo nilitaka kusema zaidi. Mgogo mwenye ng'ombe thelathini, kwa desturi ya wazee, hawakai wote zizini kwake. Wengine wako kwa shemeji, wengine kwa rafiki kijiji cha mbali, wanatunzwa huko, maziwa wanakunywa wao. Mgeni anamhesabia zizini anaona kumi anamdharau. Hajui kuwa ng'ombe ishirini wameshuka kushoto na kulia kama nyaya zako. Ukame ukipiga huku, huko kuna mvua. Ugonjwa ukiingia zizini, huko kuna mbegu.

Ndiyo maana ile njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, haitoki vinywani mwa wazee mpaka leo. Ukame waliujua, walishaishi nao vizazi na vizazi. Lakini vita ya kwanza ilipofika Ugogo, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, yakachukua na wanaume kubeba mizigo. Mbavu zote zikakatwa kwa wakati mmoja, kisha mvua ikakosekana. Watu wakafa wengi mno. Ukisoma mahali kwamba "Wagogo walikufa kwa ukame", mjue mwandishi kaona upepo tu, kama wanaomsema yule mzee wa San Juan.

Mfungawaya

Mlimauwele, nimesoma nikasimama, nikatoka nje kidogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa akisema "Mtunya" kwa sauti ya chini, sikuwahi kuelewa kwa nini. Asante sana.

Mkazi wa Kisasa

Mimi nilihamishiwa Dodoma kikazi serikali ilipohamia, familia ikabaki Dar kwa sababu ya shule za watoto. Miaka inakatika. Treni ya umeme ilipoanza safari za huku 2024 nikadhani nimepona, sasa naenda kila wiki ya pili. Nyumba mbili, kodi mbili, majirani pande zote mbili hawanijui vizuri. Siku zote nimekuwa nikijiambia natembea juu ya kamba. Mkuu, nipe neno langu.

Mfungawaya

Ndugu yangu, sitaki kukupimia maisha yako kutoka kwenye simu. Lakini kwa ulivyoeleza, kamba ina mwanzo na mwisho, na mtembeaji akiupata mwisho anashuka, anakunywa maji. Wewe ukifika Dar unageuka, ukifika Dodoma unageuka. Wahenga waliliona hilo wakasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Msamba wako unauma, nausikia hadi huku. Siku utakayoamua ncha ni ipi, hata kama ni baada ya miaka mitatu mtoto amalize shule, kuanzia siku hiyo utakuwa juu ya kamba.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, hamjambo. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, sasa niko kwetu Kondoa. Niruhusuni mambo mawili.

La kwanza, tusiseme haraka kuwa picha hii imetoka kwa wazungu. Sisi tuliosoma madrasa tulikutana nayo tukiwa na miaka sita. Tulifundishwa Sirati, lile daraja juu ya Jahannamu, jembamba kuliko unywele na kali kuliko upanga, ambalo kila mtu atalivuka. Kuna watakaopita kama umeme, kuna watakaopita kama upepo, kuna watakaotambaa. Na ustadhi wetu alituambia neno ambalo limenirudia niliposoma habari ya huyu kijana na nondo zake: kule hakuna anayejifunza kutembea siku ile. Anavuka kwa alichokifanya huku.

La pili ni neno *mizani*. Mizani ni ya dukani, ya kupimia mchele. Mizani ni ya mtunga shairi pia: mishororo ya tarbia, mizani kumi na sita, nane kwa nane. Mwanafunzi wangu aliyejifunza kuhesabu tu alitunga mashairi yaliyokufa, kila mshororo umetimia na hakuna aliyepumua ndani yake. Aliyekuwa mshairi kweli utamwona anakaribia kuanguka nje ya mizani, anavuta neno, anafupisha "wangu" kuwa "-ngu" kama *mwanangu*, anasema "sikiya" badala ya "sikia", halafu anatua juu ya kina chake. Huko kukaribia kuanguka ndiko kunakotufanya tusikilize. Mfungawaya anasema mtembeaji hatulii. Nami nashuhudia, shairi halitulii.

Mfungawaya

Shikamoo mwalimu. Hilo la Sirati sikulijua kwa undani huo, mimi nimekulia kanisani. "Hakuna anayejifunza kutembea siku ile." Nitalibeba.

Kidato cha Pili

Shikamooni. Naomba kuuliza, kwa nini wanabeba mti mrefu? Si unaongeza uzito?

Mfungawaya

Marahaba. Swali zuri sana, na unaweza kulijibu mwenyewe jikoni leo. Simamisha kalamu wima kwenye kiganja. Inaanguka kabla hujasogeza mkono. Sasa chukua mchi wa kutwangia, usimamishe hivyohivyo. Mchi ni mzito, lakini unaanguka polepole, unapata muda wa kusogeza mkono chini yake. Kitu kirefu chenye uzito wake mbali huchelewa kuzunguka. Mtembeaji akishika mti mrefu kwa mlalo, mwili wake wote unakuwa mvivu wa kupinduka. Mti haumzuii kuanguka. Unamnunulia muda, nusu nukta hivi, na nusu nukta kwa mtu aliyefundishwa inatosha.

La pili, ncha za mti huinama chini kidogo. Umewaona wale wabeba maji wa zamani wenye mzega begani, dumu mbele na dumu nyuma? Uzito ukining'inia chini unakutuliza. Kwenye waya ni hivyohivyo ingawa kidogo zaidi. Mti aliobeba Philippe Petit mwaka 1974 ulikuwa mita 8 na kilo 25.

Na huyo Petit ana jambo moja ninalolipenda kuliko ule mvuko wenyewe. Tarehe 7 Agosti 1974, akiwa hajatimiza miaka 25, Mfaransa huyu alitembea kati ya minara miwili pacha ya New York, kama mita 400 juu, akaenda na kurudi mara nane kwa dakika 45 hivi. Dunia inakumbuka hizo dakika 45. Mimi nakumbuka usiku wa kuamkia. Waya wa chuma una uzito wa kilo mia mbili hivi, huwezi kuurusha kutoka jengo hadi jengo. Wenzake walipiga mshale kwa upinde, na mshale ulivuta uzi wa kuvulia samaki. Uzi ukavuta kamba nyembamba, kamba nyembamba ikavuta nene, nene ikavuta waya. Usiku kucha, gizani, kwa kujificha. Wote wale walikuwa wafunga waya, na ndio niliowaombea niliposoma habari zao.

Mama Wawili

Habari za saa hizi. Mimi si mtu wa sarakasi. Nina genge soko la Majengo, nyanya, vitunguu, na zabibu zikiwa msimu. Nina watoto wawili na mama mkwe ana sukari. Marejesho ya kikoba ni kila Jumatano. Baba watoto yupo, lakini kazi yake ni ya leo ipo kesho haipo. Nimesoma yote nikajiuliza mimi ni wa kuti au wa kamba, nikaona ni wa kamba, kwa sababu kila siku narekebisha: nyanya zikilala napunguza bei saa kumi jioni, zikiisha mapema naongeza kesho yake. Lakini hamjasema habari ya kubeba watu. Mimi sitembei peke yangu. Nina watu mgongoni, na wanajitikisa.

Mfungawaya

Mama, umegusa penyewe.

Kulikuwa na Mfaransa mwingine, zamani zaidi, aliyejulikana kwa jina la Blondin. Tarehe 30 Juni 1859 alivuka bonde la mto Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, juu ya kamba ya urefu wa zaidi ya mita 300, kama mita 50 juu ya maji. Akarudia mara nyingi, kila mara kwa namna mpya: amefungwa macho, anasukuma toroli, amekaa katikati anapika kimanda. Watu waliweka dau kuwa atakufa. Hakufa. Alifia kitandani London mwaka 1897 akiwa na miaka 72.

Lakini mwezi Agosti 1859 alifanya kile unachofanya wewe. Alimbeba mgongoni meneja wake, Harry Colcord. Mtu mzima, hajui kutembea juu ya kamba. Na sharti moja lilikuwa hili: Colcord asijaribu kujisawazisha. Blondin akilala kushoto, naye alale kushoto. Akijitia kusaidia, akavuta upande wake, wote wawili wanakwenda. Mara kadhaa njiani ilibidi Colcord ateremke, asimame juu ya ile kamba, mwenye mgongo apumzike, halafu apande tena. Fikiria Colcord alivyokuwa akitetemeka pale katikati.

Sisemi uwaambie nyumbani kwako wanyamaze. Nasema wajue wako mgongoni. Mara nyingi hawajui, wanadhani wako barabarani. Baba watoto akizijua hesabu za Jumatano, akajua wapi unainamia, ataacha kuvuta upande wake. Na wewe una haki ya kusema "shuka kidogo nipumue". Blondin alisema, na hakuna aliyemwona dhaifu.

Mama Wawili

Leo usiku nitamwonyesha daftari la kikoba. Sijawahi.

Ulizatu

Mkuu, narudi. Nimekuelewa zaidi sasa, lakini bado nina swali gumu. Kama waliofunga ni muhimu hivyo, mbona makofi yote ni ya aliye juu? Hata wewe unakumbuka majina ya waliotembea. Waliofunga Niagara hukuwataja.

Mfungawaya

Umenikamata, na ni kweli. Majina yao siyajui.

Lakini dunia si yote iko hivyo. Korea wana mchezo wao wa kamba unaoitwa jultagi, uliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa binadamu mwaka 2011. Kule mtembeaji hayuko peke yake hata kwenye macho ya watu. Chini ya kamba anasimama mchekeshaji, wanajibizana, wa juu anasema, wa chini anajibu, wapiga ala wanaingia. Mtazamaji anainua kichwa na kukiinamisha onyesho zima. Nikipata nafasi ya kuanzisha kundi tena, nitafanya hivyo, nimweke mfunga waya uwanjani aseme, na ngoma ya muheme ilie nyuma yake.

Na Warumi wa kale, inasimuliwa kuwa mfalme wao Marcus Aurelius aliona mtoto ameanguka kutoka kwenye kamba, akaamuru tangu siku hiyo magodoro yatandikwe chini. Mfalme mwenye dola nzima mkononi akaagiza godoro. Kwangu mimi hicho ni kitu kikubwa.

Mlimauwele

Bunge liko hapa hapa mjini kwetu. Nalo tuliagizie godoro: maghala ya chakula kila kata.

Mama wa Chang'ombe

Samahani nawatoa kwenye mada. Binti yangu ana miaka kumi na moja, anatembea juu ya ukuta wa jirani mpaka nimechoka kupiga kelele. Nimemsomea uzi huu, sasa anataka kamba. Baba yake anasema atavunjika. Nifanyeje?

Mfungawaya

Dada, kwanza mshukuru baba yake, ana sababu. Ukuta wa jirani ndio kuti kavu, huo ashuke leo. Kamba tutaifunga.

Huhitaji waya. Tafuta mkanda wa kufungia mizigo ya lori, ule mpana wenye kikazio cha chuma, madereva wengi wanao. Tafuta miarobaini miwili iliyokomaa, iliyoachana hatua saba au nane. Zungusha gunia kwenye shina kabla ya mkanda, mti usichubuke na mkanda usiteleze. Urefu kutoka chini ni goti la mtoto, usizidi hapo hata akilia. Ondoa mawe yote chini. Kila siku kabla hajapanda, mtu mzima aukague mkanda kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kamba hukatikia pabovu, na pabovu kwanza panahisiwa kwa kidole ndipo paonekane kwa jicho.

Apande peku. Mguu mmoja kwanza, asimame tu, ahesabu hadi ishirini, ashuke. Mguu wa pili hivyohivyo. Wiki ya kwanza asitembee kabisa. Macho kwenye shina la mti wa mbele, si kwenye vidole. Akianguka, afundishwe kuruka mwenyewe akatua kwa miguu miwili magoti yamelegea. Kuanguka kunafundishwa kabla ya kutembea.

Na jambo la mwisho, mfundishe kufunga. Asipande kamba yoyote ambayo hajaifunga yeye au hajamwona aliyeifunga.

Mama wa Chang'ombe

Miarobaini ipo, nyuma ya kanisa. Mkanda nitaomba kwa shemeji, ana fuso. Ila kukaza sijui, naogopa kukosea.

Mfungawaya

Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya upepo. Nitakuja na gunia na nyundo, na kaka mkubwa nimempigia sasa hivi, amesema anakuja ingawa goti lake siku hizi linamsumbua. Baba yake naye awepo, nataka akaze yeye. Njooni na godoro.